Kupima Baruti kwa Usahihi Unapojaza Risasi za Bunduki kwa Mkono

Mtu anayejaza risasi zake mwenyewe hufanya kazi nne kubwa: hulisafisha ganda lililokwisha kupigwa na kulirudishia umbo lake, hulipachika fataki mpya (kile kipande kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), humimina baruti ndani yake, kisha hukaza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Kasoro ya ganda huonekana kwa macho, au angalau ganda hukataa kuingia kwenye chemba. Kasoro ya baruti haina dalili ya namna hiyo, kwa sababu kichwa cha risasi kikishakaa mahali pake hakuna ajuaye kilichomo ndani mpaka risasi ifyatuliwe, na kama baruti ilizidi, shinikizo hupanda kwa haraka kuliko kiasi kilichozidishwa. Ndiyo maana kazi ya kupima hustahili muda wake, meza yake na utaratibu wake.

Mwongozo huu unahusu kupima tu. Hautaji kiasi cha baruti cha kutia katika ganda lolote, kwani kiasi hicho hutoka katika jedwali la kampuni iliyotengeneza baruti au kichwa cha risasi, wala hakipaswi kutoka kwa rafiki au kumbukumbu. Unachukulia pia kwamba msomaji anaruhusiwa na sheria ya nchi yake kumiliki vifaa hivi na kujaza risasi; asiyeruhusiwa asianze.

Kabla ya kugusa mizani

Toa mezani kila chombo cha baruti isipokuwa kimoja utakachotumia. Kanuni hii ina sababu nzito, kwa maana baruti za aina nyingi hufanana kwa rangi na umbo, na hata majina yake hukaribiana kiasi cha kumpoteza mtu makini. H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti, kila moja ina jedwali lake, ingawa tarakimu ni zile zile. Kwa hiyo soma jina lote, pamoja na herufi zake na jina la kampuni, ulilinganishe na jedwali, kisha ulisome tena. Baruti isiyo na lebo, au iliyohamishiwa katika chombo cha kitu kingine, haipimwi. Hutupwa kwa njia salama. Aidha, baruti ya kisasa isiyotoa moshi haiwekwi kamwe mahali pa baruti nyeusi ya zamani, hata kama uzito ni ule ule.

Andika kwenye karatasi kiasi unachokusudia, na karatasi hiyo ikae mbele ya macho yako. Majedwali mengi huonyesha kiasi cha kuanzia na kiasi cha mwisho, na pale yanapoonyesha kiasi cha mwisho peke yake, desturi ni kuanza kwa asilimia 10 chini yake na kupanda polepole. Usishuke chini ya kiasi cha kuanzia kwa kudhani kwamba kidogo ni salama zaidi, kwa sababu baruti inayowaka polepole ikitiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa inaweza kuwaka ovyo na kuleta hatari yake yenyewe.

Linalofuata ni kipimo chenyewe. Majedwali ya kazi hii huandikwa kwa greni. Greni 1 ni miligramu 64.79891, gramu 1 ni karibu greni 15.43, na pauni 1 ina greni 7000. Mizani nyingi za dijitali zina kitufe kimoja cha kubadilisha kipimo, na kidole kikikigusa bila kukusudia mizani huhama kutoka greni hadi gramu au karati bila kelele yoyote, alama ndogo tu pembeni ya kioo ikibadilika. Karati 1 ni gramu 0.2, yaani zaidi kidogo ya greni 3. Pengine kosa hili litajifichua ganda likifurika, lakini si busara kulingoja lijifichue. Weka jiwe la mizani la gramu 2 juu ya sahani: mizani iliyo katika greni itasoma 30.9, na ikisoma chochote kilicho mbali na hapo, shida ipo ama katika kipimo ama katika mizani.

Mahali pa kuiweka mizani

Mizani inayohisi sehemu chache za elfu za gramu huhisi pia mambo ambayo mtu hayahisi. Upepo wa feni, kiyoyozi au dirisha lililoachwa wazi huisukuma sahani kana kwamba imewekewa punje kadhaa. Meza inayotikisika, hasa ile ile uliyofungia mashine ya kukandamizia maganda, huifanya namba icheze kila unapovuta mkono wa mashine. Kwa hiyo iweke mizani kwenye meza nyingine nzito, mbali na dirisha, na uisawazishe kwa kutazama kiputo cha maji kama kipo. Simu, taa za mirija na vifaa vingine vya umeme visikae karibu na mizani ya dijitali.

Hewa kavu huleta tatizo jingine, nalo ni umeme tuli. Utalitambua pale punje za baruti zinapong'ang'ania ukuta wa faneli ya plastiki, au namba ya mizani inapopanda na kushuka unaposogeza mkono bila kugusa chochote. Faneli na sahani ya chuma hupunguza tatizo hili, na vifaa vya plastiki vikioshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa vikauke vyenyewe bila kufutwa hupungukiwa na chaji. Punje mbili tatu zilizobaki kwenye faneli hazilipui bunduki, lakini zitadondoka katika ganda linalofuata, na hapo umepima bure.

Uchague mizani ya aina gani

Mizani ya wenzo, ile yenye mkono mrefu unaoning'inia juu ya makali ya chuma au jiwe gumu, haihitaji betri wala haipotezi sifuri yake kwa joto. Udhaifu wake ni uchafu na macho. Vumbi likiingia penye makali, mkono husita kabla ya kutulia na kila kipimo huwa na jibu lake. Yasafishe makali hayo kwa brashi kavu, usiyatie mafuta. Mizani nyingi za namna hii huwa na sumaku inayotuliza mkono usiyumbe muda mrefu, na chembe za chuma zinazoganda karibu na sumaku hiyo huharibu kazi kimyakimya. Macho nayo lazima yawe usawa wa alama ya sifuri, kwa kuwa ukitazama ukiwa umesimama utaisoma alama juu au chini ya mahali ilipo. Hatari kubwa zaidi iko katika uzito mkubwa unaotelezeshwa kwenye mikato ya mkono: mkato mmoja unaweza kuwa greni 5 au 10, na uzito uliokaa mkato wa jirani hauonekani kuwa umekosewa, kwani mizani itatulia kwenye sifuri vizuri kabisa. Uhesabu mikato kwa kidole kila unapoanza, halafu uthibitishe kwa jiwe.

Mizani ya dijitali ni ya haraka, na ndiyo wengi wanayoanza nayo. Iwashe nusu saa kabla ya kuitumia, maana kihisio chake hubadilika kidogo kinapopata joto, na sifuri iliyowekwa dakika ya kwanza si sifuri ya dakika ya ishirini. Baada ya hapo isahihishe kwa jiwe lililokuja nayo, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Iko tabia moja ya mizani hizi ambayo vijitabu vyake hupenda kuipitia juu juu. Ili namba isitangetange, mizani nyingi za bei nafuu hujirudisha kwenye sifuri zinapoona badiliko dogo sana linalokuja polepole, zikidhani ni joto au vumbi. Sasa fikiria unavyodondosha baruti punje moja moja juu ya sahani: badiliko ni dogo, nalo linakuja polepole. Mizani inaweza kuzimeza punje kadhaa bila kuzihesabu, na namba iliyo mbele yako ikawa pungufu ya ukweli. Jaribio lake ni rahisi. Sahani ikiwa na baruti iliyokaribia kiasi unachotaka, dondosha punje nne au tano moja moja huku ukitazama kioo, kisha inyanyue sahani, ngoja kidogo, uirudishe. Namba ikipanda baada ya kuirudisha, mizani yako inameza punje. Haina maana kwamba uitupe. Maana yake ni kwamba kila kipimo kikamilishwe kwa kuinyanyua na kuirudisha sahani kabla ya kuamini namba. Wanaochukizwa na jambo hili huishia kununua mizani za gharama zaidi zinazotumia nguvu ya sumakuumeme badala ya kihisio cha kujikunja, nazo hutulia upesi na kuhisi punje moja. Mimi naona mizani ya wenzo iliyo safi ni bora kuliko mizani duni ya dijitali, hata kama inachosha.

Kuilazimisha mizani itoe ushahidi

Namba nyingi baada ya nukta si dalili ya usahihi. Mizani inayoonyesha sehemu ya mia ya greni inaweza kukosea greni nzima, tena kwa utulivu mkubwa. Kinachoitia adabu ni mawe ya kuhakikishia, ambayo si lile jiwe la kusahihishia. Jiwe la kusahihishia mara nyingi ni la gramu 20, 50 au 100, uzito ulio mbali na baruti unayopima. Mizani inaweza kuwa sahihi kwenye gramu 50 na isiwe sahihi kwenye gramu 2. Chagua mawe ambayo jumla yake inakaribia kiasi chako. Gramu 2 ni greni 30.86, gramu 3 ni greni 46.30, na kwa mchanganyiko wa mawe madogo utafika karibu na kiasi chochote cha bunduki ya kawaida. Mawe ya daraja la M1 kwa viwango vya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, yanaruhusiwa kosa la miligramu 1.2 kwenye gramu 2, ambalo ni chini ya sehemu mbili za mia za greni, na hilo latosha. Yashike kwa kibano, kwa sababu mafuta ya vidole huongeza uzito na jasho huleta kutu.

Pima mawe hayo kabla ya ganda la kwanza, uandike namba iliyotoka, hata kama si ile iliyochongwa juu ya jiwe. Yapime tena baada ya kila maganda kumi, na mwisho wa kazi. Kati ya vipindi hivyo, tumia hila hii isiyogharimu kitu: weka sahani tupu, rudisha sifuri, kisha inyanyue sahani. Mizani itaonyesha namba hasi, ambayo ni uzito wa sahani yako. Iandike kwa kalamu nzito karibu na mizani. Kila unapoinyanyua sahani kwenda kumimina baruti, namba ile ile hasi inapaswa kutokea kwenye kioo. Ikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya greni, sifuri imehama, ama kuna punje imeanguka chini ya sahani. Baada ya muda jicho huizoea namba hiyo, na mabadiliko hulishtua lenyewe.

Kumimina na kukamilisha

Waweza kupima kila ganda kuanzia sifuri kwa mizani, lakini watu wengi hutumia kwanza kipimio cha ujazo, yaani kile chenye chombo cha baruti juu na silinda inayozungushwa kwa mkono. Kifaa hiki hakijui uzito. Hukata ujazo, na ujazo ule ule hubeba uzito tofauti kulingana na jinsi baruti ilivyojipanga. Baruti ya punje za mviringo hutiririka kama mchanga na kutoka sawasawa. Ile ya vijiti virefu hujazana kwa vipindi, na mara nyingine utasikia silinda ikikata kijiti kwa mlio wa kukwaruza. Kipimo kilichotoka na mlio huo kirudishe juu, umimine kingine.

Jaza chombo cha juu theluthi mbili na usiache kishuke chini ya theluthi moja, kwa maana kimo cha baruti ndicho kinachoisukuma kuingia katika silinda. Mimina mara kadhaa ili baruti itulie, urudishe zote juu, ndipo uanze kurekebisha. Zungusha mkono kwa mwendo mmoja usiobadilika: juu, kituo kifupi, chini, kituo kifupi. Ukigonga mara moja juu, gonga mara moja kila mara. Ili kujua umefika, mimina vipimo kumi katika sahani moja na ugawanye uzito kwa kumi, kisha mimina vingine kumi na kupima kimoja kimoja. Jibu la kwanza hukuambia wastani, la pili hukuambia mtawanyiko, na mtu anayetazama wastani peke yake anaweza kufurahia kipimio kinachotoa mara greni 39.6 na mara 40.4.

Kwa baruti ya vijiti, na kwa kiasi chochote kinachokaribia mwisho wa jedwali, rekebisha kipimio kitoe pungufu kidogo, nusu greni hivi, kisha kamilisha juu ya mizani kwa kile kibomba chenye uzi wa parafujo ndani ambacho hudondosha punje chache kila kikizungushwa. Baruti ikizidi, usichote kwa kukisia. Itoe punje kwa kibano au irudishe yote uanze upya. Hapo ndipo subira huisha mapema, nami ningemshauri mtu aache kazi kwa robo saa kuliko kuanza kusema kwamba sehemu mbili za kumi hazina neno.

Je, usahihi uishie wapi? Katika kiasi cha greni 40, sehemu moja ya kumi ya greni ni robo ya asilimia moja, na punje moja ya vijiti huwa karibu sehemu mbili za mia za greni. Kwa risasi za mawindo ya masafa ya kawaida, sehemu moja ya kumi juu au chini inatosha kabisa. Wapigaji wa shabaha za mbali hufuatilia punje moja, lakini hata wao hawafaidiki kama maganda yao yanatofautiana ujazo, au kama shingo za maganda zinakishika kichwa cha risasi kwa nguvu zisizolingana. Sawazisha hayo kwanza. Halafu pima kasi ya risasi kwa kronografu, nayo ndiyo itakayokuambia kama punje zako zinahesabika.

Kutoka sahani hadi ganda

Pachika maganda yenye fataki katika ubao wenye matundu, yote yakiwa yamepinduliwa, mdomo chini. Chukua moja, litazame ndani kuona kwamba ni tupu, mimina baruti kwa faneli, ligonge kidogo ili baruti ishuke, kisha liweke katika ubao wa pili mdomo ukiwa juu. Kwa mpango huu ganda lenye baruti na lisilo na baruti haviwezi kuchanganyika, wala ganda moja haliwezi kutiwa mara mbili kwa urahisi. Ukiitwa katikati ya kipimo, rudisha kilichomo kwenye sahani na uanze ganda hilo upya. Kumbukumbu ya ulipoishia haiaminiki.

Ubao ukijaa, washa tochi uimulike juu ya midomo ya maganda yote, ukitazama kimo cha baruti kwa mstari, mbele na nyuma. Jicho hulinganisha vizuri sana: ganda lililo pungufu huonekana kama kishimo cheusi kati ya wenzake, na lililozidi huonekana limekaribia shingo. Lolote lenye shaka limwage upime tena. Ukaguzi huu haupimi sehemu za kumi, bali hukamata makosa makubwa, na makosa makubwa ndiyo yanayopasua mitutu. Kaza vichwa vya risasi mara baada ya ukaguzi, katika kikao hicho hicho.

Katika muda wote huo vaa miwani ya kinga, usivute sigara wala kuruhusu moto au cheche karibu, na usiruhusu mazungumzo. Kifuniko cha chombo cha baruti kibaki kimefungwa, kwa kuwa baruti huchukua na kupoteza unyevu, na unyevu hubadilisha uzito wake pamoja na kasi ya kuwaka. Usiiache kwenye kipimio usiku kucha: baadhi ya baruti huipaka rangi na kuila plastiki, na kesho yake hutakuwa na uhakika ni baruti gani iliyomo. Irudishe katika chombo chake cha asili, uzungushe kipimio mara kadhaa mpaka pasitoke punje. Baruti iliyomwagika ifagiliwe kwa brashi na kizolea, isivutwe kwa mashine ya umeme ya kufyonza vumbi.

Mwisho, yarudishe mawe ya kuhakikishia juu ya sahani. Namba ikiwa ile uliyoiandika mwanzoni, weka risasi katika kisanduku na ubandike lebo yenye jina kamili la baruti, kiasi chake, aina na uzito wa kichwa cha risasi, fataki, na tarehe. Namba ikiwa imehama, rudi kwenye maandishi yako utafute mara ya mwisho mawe yaliposoma sawa, kisha tenga kila risasi iliyojazwa baada ya hapo, uichomoe kichwa kwa nyundo ya kuchomolea na uipime baruti yake upya kwa mizani iliyokwisha kusahihishwa.